Maganda ya maembe na mananasi katika chakula cha sato: yachukue nafasi ya nini?

Swali: Nafuga sato katika mabwawa mawili huku Mkuranga, mkoa wa Pwani. Jirani yangu ana kiwanda kidogo cha juisi, na msimu ukifika hutupa maganda na makokwa ya maembe pamoja na masalia ya mananasi kwa wingi. Nilijaribu kumwaga maganda mabichi bwawani, na baada ya siku chache samaki wakawa wanakuja juu kuhema kila alfajiri, nikaacha. Mfugaji mwenzangu ananishauri niyakaushe, niyasage, nitie urea kidogo ili kuongeza protini, kisha niache kabisa kununua chakula cha dukani. Je, ushauri huu ni sahihi? Na jirani, baada ya kuona nayahitaji, sasa anataka nimlipe kwa kila gunia.

Jibu: Ndugu msomaji, mabaki ya matunda yanaweza kuingia katika chakula cha sato, lakini nafasi yake ni ile ya pumba, si ile ya dagaa wala soya. Ukilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya swali lako itakuwa imejibika, na ushauri wa mwenzako utaona mwenyewe ulipo na ukweli na ulipopotoka.

Samaki anahitaji chakula kwa kazi mbili kubwa: kupata nguvu za kuogelea na kuishi, na kujenga nyama. Nguvu anaweza kuzipata kwenye wanga, mafuta au hata protini yenyewe, lakini nyama haijengwi bila protini. Vifaranga wa sato wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 hivi au zaidi. Wakifika ukubwa wa kukuzwa kwa ajili ya kuuzwa, asilimia 25 hadi 30 zinawatosha, hasa katika bwawa ambalo maji yake yana rangi ya kijani na hivyo yana chakula cha asili. Maganda ya maembe, ya mananasi na ya ndizi, hata baada ya kukaushwa vizuri, kwa kawaida hayafiki asilimia 10 ya protini, na maganda ya embe mara nyingi huwa nusu ya hapo. Dagaa mkavu aliyesagwa ana asilimia 50 hadi 60, na mashudu ya soya, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yana zaidi kidogo ya asilimia 40. Kwa hiyo kilo moja ya unga wa maganda haiwezi kuziba pengo la kilo moja ya dagaa kwa namna yoyote ya kukausha, kusaga au kuchemsha, kwa sababu kitu kisichokuwemo hakitolewi kwa kusagwa.

Hapo ndipo urea inapoingia katika mazungumzo ya wafugaji, na napenda nilieleze jambo hili kwa kirefu kwa kuwa lina madhara. Maabara inapopima protini ya chakula, kwa kawaida hupima naitrojeni iliyomo kisha huizidisha kwa 6.25, na matokeo huitwa protini ghafi. Urea ina naitrojeni ya asilimia 46, kwa hiyo kijiko kidogo tu huipandisha namba ya maabara kwa kiasi kikubwa. Ng'ombe na mbuzi wanaweza kunufaika nayo kwa kipimo maalumu kwa sababu tumbo lao kubwa limejaa vijidudu vinavyoigeuza naitrojeni hiyo kuwa protini, kisha mnyama huvimeng'enya vijidudu hivyo. Samaki hana tumbo la namna hiyo. Urea anayopewa haimjengi, bali hurudi majini, nayo ikivunjika huwa amonia, ambayo ni sumu kwake na hukua ukali kadiri maji yanavyokuwa ya joto na yenye pH ya juu, yaani yaliyo mbali na utindikali, hali ya kawaida kabisa katika bwawa la ukanda wa pwani wakati wa alasiri. Urea hutumika kama mbolea ya bwawa kwa kiasi kidogo ili kuotesha mwani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kwenye chakula usiitie. Vilevile ukiuziwa chakula chenye cheti kinachoonyesha protini nyingi kwa bei ya chini isiyoelezeka, jiulize naitrojeni hiyo imetoka wapi.

Sasa turudi kwenye kile kilichotokea bwawani mwako. Maganda mabichi ya embe yana sukari nyingi, na sukari ikiingia majini bakteria huishambulia mara moja na kutumia oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Mchana huoni tatizo kwa sababu mwani unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, lakini usiku mwani nao huacha kuitengeneza huku ukiendelea kuitumia, na kufikia alfajiri bwawa linakuwa na oksijeni kidogo kuliko wakati wowote mwingine. Ndiyo maana samaki walihema alfajiri na si saa nane mchana. Ulifanya vizuri kuacha. Ikitokea tena kwa sababu yoyote ile, usilishe asubuhi hiyo, ondoa mabaki yanayoonekana, na ingiza maji mapya kwa kuyarusha kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kama unapenda kutumia masalia mabichi kwa kurutubisha bwawa, yaweke katika kizimba cha mboji cha fito kwenye kona ya bwawa, yakiwa yamechanganywa na majani makavu na samadi, kwa kiasi kidogo kidogo, huku ukipima uangavu wa maji: chovya mkono wima, na kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yameshashiba, usiongeze kitu.

Kwa upande wa chakula chenyewe, si kila sehemu ya tunda ina thamani moja kwa sato. Sato hutumia wanga mgumu, kama ule wa mahindi, muhogo au ndizi mbichi, vizuri zaidi kuliko sukari nyepesi iliyomo katika tunda lililoiva. Hii ni kinyume na wanavyodhani wengi, ambao huona utamu wa embe bivu wakasema samaki atanenepa. Ukipata ndizi mbichi zilizokataliwa sokoni au maembe machanga yaliyopukutika kwa upepo, hayo yana manufaa zaidi katika chakula kuliko maganda ya tunda lililoiva mno. Na katika lundo lile la jirani yako, kitu bora kuliko vyote pengine ni kile ambacho watu hukipiga teke, yaani kokwa.

Ndani ya kokwa ya embe kuna kiini chenye wanga mwingi, mafuta ya karibu asilimia 10 na protini kidogo, kwa hiyo kwa nguvu kinakaribia nafaka. Kasoro yake ni tanini, ule ukali unaokausha ulimi, ambao hushikamana na protini ya chakula na kumnyima samaki sehemu yake. Tanini hupungua kwa maji na moto. Pasua kokwa, toa kiini, kikatekate, kiloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kichemshe kama nusu saa katika maji mengine, mwaga tena, kisha anika na usage. Kazi ni nyingi, na kama huna vijana wa kupasua makokwa usiianze, lakini unga wake una faida ya ziada kwamba wanga uliopikwa hushikamanisha chakula, hivyo hutahitaji unga mwingi wa muhogo wa kukigandisha.

Masalia ya mananasi nayapa nafasi ya mwisho. Yana maji mengi kupita maganda ya embe, yana nyuzinyuzi nyingi, na shada la majani ya juu halifai kabisa kwa samaki. Sato huanza kudumaa nyuzinyuzi katika chakula zikipita kiasi cha asilimia 8 hadi 10, na ukumbuke kwamba mashudu ya alizeti yasiyoondolewa maganda pamoja na pumba za mpunga tayari zimeleta nyuzinyuzi zake. Mananasi nitayarejea chini, kwa sababu yana matumizi mengine yanayofaa zaidi.

Suala la kukausha ndilo linalowashinda wengi, na kwenu Pwani lina ugumu wa pekee: maembe hukolea kuanzia mwezi wa Novemba, wakati mvua za vuli bado hazijaisha. Maganda yenye sukari yakikaa kwenye gunia usiku mmoja huanza kuchacha, na yakianikwa chini siku ya mawingu huota ukungu kabla hayajakauka. Ukungu wa jamii ya Aspergillus hutengeneza sumukuvu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika tena, na ambayo humharibu samaki ini na kumdumaza pole pole bila dalili ya wazi. Kwa hiyo yachukue siku ileile yaliyomenywa, yaoshe, yakamue maji kwa jiwe zito au mashine, yakate vipande vyembamba, uyatandaze kwenye chanja zilizoinuliwa zenye wavu, na ujenge juu yake paa la nailoni angavu lenye pande zilizo wazi ili hewa ipite. Siku mbili hadi tatu za jua kali zinatosha. Siku ambayo anga imefunga, usichukue mzigo, hata kama ni wa bure. Kipande kikavu huvunjika kwa mlio, hakipindi. Ukitaka uhakika zaidi, tumia kipimo cha chumvi ambacho wakulima wa mahindi wanakijua: weka chumvi kavu na sampuli katika chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa, chumvi ikigandia ukutani, bado kuna unyevu mwingi. Isipogandia, anika siku moja zaidi ndipo usage, kwa maana kipimo hicho hubaini unyevu wa asilimia 15 hivi, nawe unataka ushuke hadi 12 au chini yake. Muulize pia jirani anayasafisha matunda kwa dawa gani, na wakulima wake wanapuliza nini karibu na kuvuna, kwa sababu viuatilifu hukaa kwenye ganda kuliko mahali pengine popote pa tunda.

Nikuwekee mfano wa mchanganyiko wa kilo 100 kwa sato waliopita gramu 50. Chukua dagaa waliosagwa kilo 18, mashudu ya soya kilo 28, mashudu ya alizeti kilo 12, pumba laini za mpunga kilo 17, unga wa maganda ya embe kilo 15, unga wa muhogo kilo 8, virutubisho vya premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) kilo 1 na madini ya DCP (yenye kalsiamu na fosforasi) kilo 1. Kwa hesabu ya viwango vya kawaida vya malighafi hizi, protini inafika asilimia 28 na nusu hivi, na nyuzinyuzi zinabaki chini kidogo ya asilimia 9. Tazama kwamba dagaa na soya peke yake zimeleta zaidi ya robo tatu ya protini yote, ilhali zile kilo 15 za embe hazikuleta hata asilimia moja kamili kati ya hizo 28 na nusu. Ungeweka pumba za mahindi mahali pake, protini ingepanda kwa chini ya asilimia moja tu. Maana yake ni kwamba embe halikuharibu chakula, lakini wala halikupunguza gharama ya zile malighafi mbili zinazokula fedha yako. Kiasi hicho cha kilo 15 nakihesabu kuwa kikomo. Anza na 10. Vifaranga usiwape kabisa, na kwa kambale, ambaye anataka protini ya asilimia 35 au zaidi, nafasi ya unga huu inakuwa finyu mno kiasi kwamba haina faida kujisumbua.

Dagaa nao wapime kwa jicho la shaka, kwani wanaouzwa kwa chakula cha mifugo mara nyingi huja na mchanga, na kilo yenye mchanga haina protini iliyoandikwa vitabuni. Ukiwa na nafasi, peleka sampuli ya chakula ulichokwisha changanya kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kabla ya kutengeneza mzigo mkubwa.

Chakula huchukua kati ya nusu na asilimia 70 ya gharama zote za ufugaji wa samaki, na ndiyo sababu naelewa hamu yako ya kuachana na duka. Hata hivyo, bei ya kilo ya chakula si kipimo sahihi; kipimo ni gharama ya chakula kilichotumika kupata kilo moja ya samaki. Tuseme chakula cha dukani ni shilingi 1,800 kwa kilo na unatumia kilo moja na nusu kupata kilo moja ya sato: umelipa shilingi 2,700. Tuseme chakula chako cha nyumbani ni shilingi 1,500 kwa kilo, lakini kwa kuwa kinazama, kinamomonyoka na protini yake ni pungufu, unatumia kilo mbili: umelipa shilingi 3,000, tena umechelewa kuvuna na umeyachafua maji. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako. Namna ya kujua bila kubahatisha ni kutundika vizimba viwili vya nyavu katika bwawa lilelile, uweke samaki wa ukubwa na idadi sawa katika kila kimoja, kimoja ukilishe chakula unachonunua sasa na kingine mchanganyiko wenye embe, upime uzito kila baada ya wiki mbili kwa muda wa wiki nane, na uandike kila kilo ya chakula inayoingia. Kwa samaki wa ukubwa huo anza na chakula cha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, ukigawe mara mbili au tatu, na urekebishe kila unapopima.

Kama lengo lako la kweli ni kupunguza dagaa na soya, basi mabaki ya matunda yapitishe kwanza kwa kiumbe kinachoweza kuyageuza kuwa protini. Nazungumzia funza wa nzi askari mweusi, ambao wafugaji wengi wanawajua kwa jina la BSF, na ambao ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, imewafanyia utafiti kwa miaka mingi. Funza hawa wakikaushwa huwa na protini ya karibu asilimia 40 na mafuta mengi, na unga wao unaweza kuchukua nafasi ya hadi nusu ya dagaa katika mchanganyiko niliokupa bila kuhatarisha ukuaji. Hapa mananasi yako yanapata kazi, maana funza hajali uchachu wala hahitaji uyakaushe. Lakini usimlishe matunda matupu: atakua taratibu, atanenepa mafuta kuliko protini, na chombo kitajaa majimaji yanayonuka na kukugombanisha na majirani. Changanya matunda yaliyokatwakatwa na pumba, machicha ya pombe au mabaki ya jikoni, mpaka ukifinya konzi moja yadondoke matone machache tu. Kutoka kutotolewa hadi kuvuna ni wiki mbili na ushei. Wala usitarajie miujiza ya kiasi. Kilo 100 za mabaki mabichi ya matunda, ambazo kilo 80 au zaidi ni maji, mara nyingi hazitakupa hata kilo 10 za funza wabichi, na hao wakikaushwa wanabaki theluthi. Hata hivyo kilo tatu za funza wakavu zilizotoka kwenye lundo la taka zina uzito kwenye daftari lako kuliko kilo ishirini za unga wa maganda, na mabaki ya chini ya chombo ni mbolea nzuri ya bustani.

Watu wakisikia unapokea mabaki watakuletea kila kitu, kwa hiyo chagua. Maparachichi, na hasa maganda, mbegu na majani yake, yakatae, kwa sababu yana kemikali iliyothibitika kuwadhuru wanyama wa aina nyingi. Mbegu za papai zimeonekana kuathiri uzazi wa samaki, hivyo usizitumie kama malisho ya kawaida, na usiziweke kamwe mahali unapofuga samaki wazazi. Mabibo, yaani yale matunda ya mkorosho ambayo Mkuranga mnayamwaga mashambani kila msimu, yana tanini kama kokwa ya embe na huchacha ndani ya saa chache. Yapeleke kwa funza.

Kuhusu malipo ya jirani, hesabu ni fupi. Maganda mabichi ya embe ni maji kwa asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo tani nzima itakupa unga mkavu wa kilo 220 hadi 280, na masalia ya mananasi yatakupa karibu nusu ya hapo. Thamani ya unga huo haizidi bei ya pumba za mahindi unazozibadilisha, na kwa haki iko chini kidogo. Kwa kuwa unahitaji kama kilo nne za maganda mabichi kupata kilo moja kavu, kilo mbichi ina thamani ya kama robo ya kilo ya pumba, kabla hujatoa nauli ya usafiri, ujira wa kuosha na kuanika, na hasara ya siku za mvua. Mara nyingi ukishatoa hayo hakuna kinachobaki cha kumlipa, na yeye bila wewe angelipia gari la taka. Mwambie utayachukua bure, kwa masharti kwamba ayatenge makokwa na maganda katika vyombo tofauti na akupigie simu kila mara wanapomaliza kumenya. Akikataa kabisa, lipia makokwa pekee, na wala si zaidi ya bei ambayo hesabu ya kilo kavu itakuruhusu.